Jumamosi Kumi na Moja

Katika chumba cha simu za dharura za polisi, mtu aliyeogopwa kuliko mkuu wa kituo alikuwa mwanamke mfupi mwenye kifutio kilichofungwa kwa uzi shingoni. Hakuwa na cheo cha kutisha mtu. Kazi yake ilikuwa kupanga zamu: nani akae meza ipi, siku ipi, kuanzia saa ngapi. Wenzake walimwita Mama Penseli naye aliitika bila kinyongo, kwa kuwa kalamu ya wino hakuigusa kabisa. "Wino ni wa watu wenye uhakika," alizoea kusema. "Mimi napanga binadamu."

Chumba chenyewe kilikuwa na meza nane za kupokea simu zilizopangwa nusu duara. Mbele ya meza hizo, kwenye jukwaa dogo, alikaa Mzee wa Redio, ambaye sauti yake nzito ndiyo iliyoyatuma magari ya doria huku na huku. Nyuma kabisa, karibu na dirisha, palikuwa na kiti kisicho na meza. Kila zamu Mama Penseli alimpangia mtu mmoja akae pale bila kufanya lolote. Mwenzake akipokea simu nzito, ya mtu anayelia au anayekata roho, alipoimaliza aliinua mkono. Yule wa kitini aliichukua meza yake, na aliyeinua mkono alikwenda kukaa dirishani anywe maji mpaka pumzi irudi. Wapokea simu walikiita kiti cha pumzi. Makao makuu walikiita uvivu uliopangiwa ratiba, na kwa miaka miwili walikuwa wakitafuta namna ya kukiondoa.

Watu husema dharura haina ratiba. Mama Penseli akisikia hivyo hucheka tu. Alijua kwamba Jumatatu asubuhi wenye maduka hufungua na kukuta kufuli zimevunjwa, kwa hiyo zamu ya Jumatatu huanza nusu saa mapema. Alijua siku ya kwanza ya likizo za shule ndiyo siku ya watoto kupotea, na meza ya kwanza hiyo siku alimpa mtu mpole asiyemkaripia mama aliyechanganyikiwa. Alikuwa na kalenda ya shule, orodha ya mechi kubwa na utabiri wa hali ya hewa, vyote vimebandikwa juu ya dawati lake. Kila jioni alivipitia vyote kabla hajagusa ratiba, na mtu asingethubutu kumsemesha wakati huo. Ukimtazama akifuta jina hapa na kuliandika pale ungedhani anacheza. Lakini chumba kile hakikuwahi kuzidiwa tangu alipokishika, na magari yaliyofika kwa wakati kwa sababu ya penseli ile hayana idadi.

Mmoja wa wapokea simu wake alikuwa dada wa mumewe. Mama Penseli alimwita Wifi, kama inavyostahili, na chumba kizima kikaiga, hata wanaume, hata Mzee wa Redio mwenye ndevu zake. Wifi alikuwa na miaka kumi kwenye kazi ile na sauti tulivu ambayo ingemfanya mwizi aeleze alipojificha. Hana dogo, walisema wenzake, ila kazi anaijua.

Miezi mitatu na nusu kabla ya siku tunayoisimulia, Jumamosi moja ya mvua, Wifi alipokea simu ya mwanamke aliyekwama ndani ya gari kwenye daraja la chini, maji yakipanda. Alikaa naye dakika kumi na tisa. Walizungumza kuhusu mlango, kisha kuhusu dirisha, na mwisho kuhusu watoto wa yule mwanamke, mpaka simu ikakatika. Gari la doria lilifika, lakini halikuwahi. Wifi alikwenda kwenye kiti cha pumzi, akakaa nusu saa, akarudi mezani akamaliza zamu. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba yu salama, na alimjibu haraka, hivyo watu wakaacha kuuliza.

Kuanzia hapo Jumamosi zake zilianza kuyeyuka. Zamu ya Jumamosi mchana ndiyo zamu ya mabingwa. Simu zake ndizo nyingi na ngumu kuliko zote, na anayetaka kuwa msimamizi wa zamu lazima awe amezifanya Jumamosi za kutosha. Nafasi ya usimamizi ilikuwa inakaribia kuwa wazi, na Wifi aliitaka kwa moyo wote. Kati ya Jumamosi kumi na tano alipangiwa nne tu, tena zile kavu ambazo simu zilikuwa zimelala. Kibaya zaidi, kila mara alipopangiwa, Mama Penseli alitokea akiwa na nguo za nyumbani, akavuta kigoda na kukaa nyuma yake kama mwalimu anayemlinda mwanafunzi mwizi wa majibu.

Angeuliza, mambo yangeishia hapo hapo. Lakini kati ya mawifi kuna maswali yanayokwama kooni. Wifi aliinunia ratiba, akamnunia mwenye ratiba, na jioni moja akaandika barua kwenda makao makuu bila kutia jina. Alisema mpanga zamu anapanga watu kwa kupenda na kuchukia, kwamba kuna mtu amenyimwa Jumamosi kumi na moja, na siku anazopewa anasimamiwa kama mtoto. Aliiandika akiwa na hasira na kuituma kesho yake asubuhi akiwa bado nayo.

Makao makuu walikuwa wanasubiri kitu cha namna hiyo kwa hamu. Walikuwa tayari na mtambo wa kompyuta wa kupanga zamu, walichokosa ni sababu. Walimpigia Mama Penseli simu Jumanne na kumwambia mkaguzi atakuja Jumamosi. Kama malalamiko yana ukweli, mwisho wa mwezi atanyang'anywa ratiba ipewe mtambo, na kiti cha nyuma kitaondolewa siku hiyo hiyo.

Hayo yote Wifi aliyasikia Jumamosi yenyewe mchana, nyumbani kwa kaka yake. Ratiba ilimwonyesha kwamba anapumzika, Jumamosi ya kumi na mbili, na alikuwa amekwenda pale kunywa chai na kununa. Kaka yake alikuwa anaosha vyombo, kwa maana kwenye mlango wa jiko nako palibandikwa ratiba, ya penseli.

"Wifi yako kaondoka asubuhi hata chai hajanywa," alisema. "Kuna mtu kamchongea. Kaandika barua eti anapendelea watu."

"Nani kaandika?"

"Hawasemi. Mimi nashangaa. Mtu ananiamsha Jumapili niende sokoni kwa sababu ratiba imesema. Angekuwa wa kupendelea, si angeanza na mimi?" Akasuuza sahani, akaiinua kwenye mwanga. "Wanataka kumpora ratiba. Unajua ataumwa? Yule bila ile karatasi ataumwa kabisa. Huyo mtu nikimjua wala sitasema kitu. Nitamtazama tu."

Alikuwa akiitazama sahani, lakini Wifi aliona kama anatazamwa yeye. Chai ikamshinda. Alikuwa ametaka Jumamosi zake, hakuwa ametaka chumba kibomolewe, na sasa alijua kwamba barua haibagui. Aliona haya, haya za kweli zinazochoma masikio. Akaaga, akavaa viatu, akashika njia ya kazini.

Alipoingia, mkaguzi alikuwa ameshakaa. Alikuwa mwanaume mwembamba, nadhifu, mwenye adabu, na kompyuta yake ilifunguliwa juu ya dawati la Mama Penseli, pembeni ya ile karatasi pana ya ratiba. Mama Penseli aliinua macho.

"Wifi, leo si siku yako."

"Nimesahau sweta langu."

"Sweta lako liko kwenu, limeanikwa. Nimeliona juzi."

"Basi nimekuja kukaa."

Mama Penseli alimtazama kidogo, kisha akamwonyesha ukuta wa nyuma. "Kaa pale, usiwazubaishe wenzako."

Mkaguzi aliendelea na hesabu yake. Chumba hiki, alisema, hupokea wastani wa simu sitini kwa saa, na kila simu huchukua dakika tano. Hiyo ni kazi ya watu watano, wa sita akiba. "Nyinyi mko wanane," alisema, "na mmoja wa kukaa."

"Hesabu yako ni sahihi," alisema Mama Penseli. "Shida ni kwamba wapigaji hawapigi kwa wastani. Ngoja saa tisa na nusu."

"Kuna nini saa tisa na nusu?"

"Mvua. Na saa kumi mechi inakwisha, watu wote wale wanatoka uwanjani na kuingia barabarani kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana wale wawili pale sikuwaleta asubuhi, nimewaleta saa nane. Nataka wawe na nguvu."

Mkaguzi alitazama nje. Jua lilikuwa linawaka. Aliandika kitu, na uso wake haukuficha kwamba hajaamini.

Mvua ilianza saa tisa na dakika ishirini na tano. Saa kumi kasoro kumi, taa za meza zote nane zilikuwa nyekundu, na skrini ya ukutani ikaonyesha simu tatu zinasubiri, kisha saba, kisha kumi na mbili. Mama Penseli aliinuka bila haraka. Alipita nyuma ya meza akisikiliza maneno mawili hapa, matatu pale, halafu akaenda kwenye ubao na kuandika kwa herufi kubwa: LORI NJIA PANDA, GARI LIMESHATUMWA. Ajali moja ilikuwa imeleta wapigaji zaidi ya ishirini. Sasa kila mpokea simu aliuliza kwanza, "Unapiga kwa ajili ya lori la njia panda? Tumeshatuma, ahsante," na simu iliyokuwa ya dakika tano ikawa ya kupepesa macho. Kumi na mbili zikarudi nne. Mkaguzi aliacha kuandika, akabaki anamwangalia yule mwanamke mfupi kama mtu anayemwona fundi akinyoosha bati kwa mkono mtupu.

Kisha meza ya tatu iliinua mkono. Alikuwa dada mmoja waliyemwita Pacha, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti. Mtu wa kiti cha pumzi alishakuwa nyuma yake kabla mkono haujashuka. Pacha akaja kukaa dirishani, hatua mbili kutoka kwa Wifi, akashika bilauri kwa mikono miwili. Dakika hazikupita nyingi, meza ya sita nayo ikainua mkono. Safari hii kiti hakikuwa na mtu wa kutoa, ila Pacha mwenyewe ambaye maji yalikuwa yanamwagikia mapajani.

"Mimi," alisema Wifi, ameshasimama.

Mama Penseli alitazama mvua dirishani, kisha akamtazama yeye. "Una hakika?"

"Sina."

"Basi kaa mezani."

Simu mbili za kwanza zilikuwa za vioo vya magari vilivyovunjika na matusi. Ya tatu alikuwa mwanaume anayehema. Gari lao limeteleza na kuingia mtaroni, alisema, yuko na mama yake mzee, na maji yamefika kwenye kiti. Wifi aliuhisi mkono wake wa kushoto ukipoa mpaka kwenye kiwiko. Daraja la chini lilimjia lote, na ile sauti, na watoto ambao majina yao alikuwa bado anayakumbuka. Hapo akaona kifutio kikining'inia pembeni mwa bega lake. Mama Penseli alikuwa amesimama nyuma yake, hakumgusa.

"Kaka, nipo na wewe," alisema Wifi, na sauti ikatoka ileile yake. "Nitazamie mbele. Unaona nini?"

"Maji tu."

"Juu ya maji."

"Kuna kibao... duka la magodoro."

"Napajua. Sasa nisikilize. Usiguse mlango. Shusha kioo cha upande wa mama sasa hivi, kabla umeme wa gari haujakatika. Kimeshuka?"

"Kimeshuka nusu."

"Nusu inatosha. Mama afunguliwe mkanda. Yeye kwanza, atoe kichwa na mikono, akalie ukingo wa dirisha, ashike paa la gari. Msukume miguu, usimwonee haya."

Jukwaani Mzee wa Redio alikuwa anaongea chini kwa chini. "Doria Tano, magodoro, mtaroni, watu wawili, chukua kamba." Akamwonyesha Wifi vidole saba. Dakika saba. Wifi alizijaza zote. Alimuuliza mwanaume jina la mama yake, akamwambia amwite, akamfanya mama naye aitike kwa sauti kubwa hadi watu wa meza ya tano wakamsikia akigomba kwamba kiatu chake kimekwenda na maji. Katika dakika ya nane sauti nyingine ilisikika kwenye ile simu, ya askari, ikasema wamewapata, wote wawili. Wifi alisema sawa, akaandika saa, akapokea simu iliyofuata.

Saa kumi na moja na nusu mvua ilikatika na taa zikaanza kurudi kijani. Mkaguzi alimwita Mama Penseli dawatini. Wifi alikuwa anarudi ukutani, na kutoka pale alisikia kila neno.

"Kazi nimeiona," alisema mkaguzi. "Sitaki kukupaka mafuta, lakini nimeiona. Hata hivyo nimetumwa na barua. Inasema mtu amenyimwa Jumamosi kumi na moja. Nimehesabu kwenye ratiba zako, ni kweli, kumi na moja. Nataka sababu."

Mama Penseli alivuta daftari, akalifungua mbele yake.

"Kuna viwingu vimechorwa pembeni mwa hizo tarehe," alisema mkaguzi. "Hivi ni nini?"

"Utabiri wa mvua."

"Zote kumi na moja?"

"Zote. Alipokea simu mbaya ya mafuriko. Nikasema msimu upite kwanza."

Mkaguzi alishusha kidole kwenye ukurasa. "Na zile nne alizofanya kazi hazina wingu, zina duara. Duara ni nini?"

"Duara ni mimi," alisema Mama Penseli. "Siku hizo nilikuwa mapumzikoni, nikawa nakuja kukaa. Utabiri unaweza kudanganya. Nilitaka simu ya maji ikiingia, wa kusimama nyuma yake awe mtu anayemjua."

"Masaa hayo hukuyaandika popote."

"Haikuwa kazi. Nilikuja tu."

Wifi alikuwa ameshafika dawatini bila kujua amevukaje chumba.

"Barua nimeiandika mimi," alisema.

Mkaguzi aliinua kichwa. Mama Penseli hakuinua chake. Aliendelea kunyoosha ukingo wa karatasi ya ratiba kwa kiganja.

"Najua, wifi."

"Umejua lini?"

"Jumanne, waliponipigia. Waliposema kumi na moja. Mimi mwenyewe nilikuwa sijazijumlisha." Sasa alimtazama. "Na nusu ya kosa ni langu. Mtu hapangwi kimya kimya. Nilijua nikikwambia utakataa, nikaona nikupange bila kukuuliza, utashukuru baadaye. Ukakaa miezi mitatu unadhani nimekuona hufai."

Mkaguzi, ambaye hakuwa mtu wa kupenda kushuhudia mambo ya familia, alifunga kompyuta yake na kusema kwamba ataandika malalamiko yamejibiwa, na kiti kile kibaki kilipo. "Mtambo utakuja siku moja, sikufichi," alimwambia Mama Penseli. "Ila ukija wewe ndiye utakayeufundisha mawingu." Alimpa mkono kwa kuinama kidogo, kisha akatoka.

Ndipo Wifi alipoitazama ile karatasi pana, kwenye kisanduku cha siku ile ya leo. Palikuwa pameandikwa jina lake na neno "mapumziko". Lakini karatasi pale ilikuwa imekwaruzika, na chini ya maandishi hayo yalibaki mengine yaliyofutwa ambayo penseli haikukubali yaondoke kabisa. Aliinama. Lilikuwa jina lake, meza ya sita, kuanzia saa nane. Pembeni palikuwa na kiwingu, na pembeni ya kiwingu duara.

"Leo ulikuwa umenipanga," alisema.

"Nilikupanga wiki mbili zilizopita, kabla ratiba haijatangazwa. Niliona umeshakuwa tayari."

"Mbona ukafuta?"

Mama Penseli alishika kifutio chake shingoni, akakizungusha.

"Walisema mkaguzi anakuja kuisoma barua hapa, mbele ya watu. Sikutaka uwe umekaa hapa ukisikiliza."

Wifi alilia pale pale dawatini, mbele ya Pacha na Mzee wa Redio, na wala hakugeuka ukutani. Mama Penseli alimwacha alie mpaka amalize. Kisha akampa penseli.

"Haya, rekebisha. Ratiba lazima iseme kweli."

Wifi alifuta neno "mapumziko", akapuliza vumbi, akaandika jina lake upya juu ya lile la zamani, herufi juu ya herufi, na meza ya sita. Akachora kiwingu. Alipotaka kurudisha penseli, Mama Penseli hakuipokea.

"Umesahau duara," alisema. "Nilikuwepo."